Kigingi Kisitangulie Neno la Kijiji



Jua halina mwenyewe. Humwakia mwenye ng'ombe mia na humwakia asiye na kuku. Lakini ardhi ambayo juu yake jua hilo litavunwa ina wenyewe, na wenyewe hao ni sisi. Nataka kulisema neno hili leo katika gazeti letu, kwa kuwa wakati wake ni sasa, siyo siku ile ambapo vigingi vitakuwa vimekwisha kupigwa na sisi tumekaa kando tukiulizana ni nani aliyekubali.

Nchi yetu imeanza kuvuna umeme wa jua kwa wingi. Huko Kishapu, mkoani Shinyanga, shirika letu la umeme, TANESCO, lilitia saini mwaka 2023 mkataba wa kujenga megawati 50 za kwanza katika mpango wa megawati 150. Mwezi Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaazimia kuwa watu milioni 300 wa bara hili wafikiwe na umeme ifikapo mwaka 2030. Mwenye macho na aone. Mashamba ya umeme wa jua hayataishia Shinyanga.

Nasi wa Kagera tuko mahali pa kutazamwa. Kwa miaka mingi mkoa wetu umenunua umeme kutoka Uganda, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa mbali nasi. Mto Kagera umeanza kutusaidia. Pale Murongo, wilayani Kyerwa, ukitazamana na Kikagati ya Uganda, uko mtambo wa megawati 14 ambao nchi hizi mbili hugawana nusu kwa nusu. Huko Rusumo, kwa jirani zetu wa Ngara, uko mtambo wa megawati 80 ambao twashirikiana na Rwanda na Burundi. Kwa ajili ya Kakono, mahali panapotarajiwa kutoa megawati 87.8, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo mwaka 2023. Lakini mto hupungua wakati wa kiangazi, na wakati huo huo ndipo jua linapokuwa kali. Kwa hiyo siku watakapokuja wataalamu kupima vilima vyetu kwa ajili ya paneli za jua na betri za kuwekea umeme, tusishangae. Si jambo la kuogopa. Ni jambo la kujiandalia.

TWAUTAKA UMEME

Nianze kwa kuwanyima maneno wale watakaosema kwamba chama kinapinga maendeleo. Twautaka umeme. Twautaka kwa zahanati ambayo mama huzalishwa kwa mwanga wa tochi. Twautaka kwa kijana mwenye mashine ya kuchomelea ambaye hukaa mchana kutwa akingoja umeme urudi. Twautaka ili kahawa yetu ikobolewe hapa hapa, mkulima apate senti mbili tatu zaidi, badala ya kuiona ikiondoka na maganda yake.

Wala hatusemi kwamba umeme wa jua ni ndoto. Ng'ambo ya mto Kagera, katika wilaya ya Rwamagana nchini Rwanda, shamba la umeme wa jua la megawati 8.5 lilianza kazi mwaka 2014, nalo lilikuwa la kwanza la ukubwa ule katika Afrika ya Mashariki. Jua linalowaka Rwamagana ndilo linalowaka Kaisho na Nyaishozi.

Kazi yake si ngumu kuieleza. Paneli hupokea mwanga na kutoa umeme mchana. Lakini watu huhitaji umeme zaidi jioni, saa moja hadi saa nne usiku, wakati jua limekwisha kuzama. Kwa hiyo betri kubwa, zilizopangwa ndani ya makontena ya chuma, hushiba umeme wa mchana na kuutoa usiku. Shamba la jua lisilo na betri ni kama ghala lisilo na mlango: mali hupita tu. Betri ndizo zinazolifanya shamba hilo liwe na faida kwetu, na hizo hizo ndizo zinazotupasa kuuliza maswali zaidi.

TATHMINI NI NINI?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Na inataka ifanywe kabla ya mradi kuanza, hata kabla ya mradi kupewa fedha. Gharama ni ya mwenye mradi, siyo ya kijiji. Kanuni zilizotolewa mwaka 2005 zinataka wananchi wa mahali pale waarifiwe na wasikilizwe, na muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza.

Maneno "tathmini ya athari kwa mazingira" ni marefu, na urefu wake huwafanya watu wengi wadhani ni mambo ya wasomi wa Dodoma. Ukiyafungua ndani yake utakuta maswali matatu ambayo kila mkulima huyauliza kabla ya kumkodisha mgeni shamba lake. Nini kitaharibika? Nani ataumia? Nani atalipa? Basi. Hakuna uchawi ndani yake. Mkulima wa Karagwe asiyejua kusoma huyajua maswali hayo kuliko mtaalamu aliyekaa siku nne kijijini akalala hotelini.

Lakini yapasa tukumbuke jambo moja. Sheria ikiwekwa kabatini haimlindi mtu. Humlinda yule anayeijua na kuidai. Ndiyo maana naandika.

WALIPOFANYA HARAKA

Wako wanaosema kwamba tathmini ni kupoteza wakati, na kwamba mwekezaji akicheleweshwa atakwenda kwingine. Nawajibu kwa habari ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa wataalamu kuitazama Tanganyika kama yafaa kulimwa karanga nyingi kwa mashine. Ujumbe ule ulifanya kazi kwa majuma tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndani ya ndege. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kufyeka Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Kumbe udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu kama sakafu, karanga haziwezi kung'olewa. Kumbe mvua haitoshi. Hadi mpango ule ulipoachwa mwaka 1951, fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Miti iliyofyekwa haikurudi, na nyasi zilizong'olewa ziliacha udongo uchukuliwe na upepo.

Mgogo wa Kongwa aliujua ukame wa nchi yake hata akaupa majina. Njaa ya Mtunya, ile ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bado ilikuwa vinywani mwa wazee. Angeulizwa angesema. Lakini katika ukoloni mwenyeji huambiwa, haulizwi. Hiyo ndiyo maana halisi ya kutawaliwa: wengine kuamua juu ya ardhi yako kwa hesabu ambayo wewe hukuiona.

Basi leo tuko huru. Je, tutaendelea kuambiwa tu? Ripoti ikiandikwa kwa lugha ambayo kijiji hakiielewi, ikasomwa na watu kumi katika chumba kimoja mjini, tofauti yake na ile ndege iliyopita juu ya Kongwa ni ipi?

SOMO LA MOMBASA

Wapo watakaosema kuwa karanga ni karanga na betri ni betri. Haya, natoa mfano wa betri.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu maskini. Moshi na maji machafu yake yaliingia majumbani. Risasi ilikutwa katika damu ya watoto. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, Phyllis Omido, alipoona mtoto wake mwenyewe ameumwa, aliwakusanya majirani wakadai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wananchi wale walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu ikatenguliwa katika rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha mwezi Desemba 2024. Hesabu miaka, ndugu msomaji. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu ya mwisho. Na risasi ikiingia katika ubongo wa mtoto, fedha haziitoi.

Nisieleweke vibaya. Betri za Mombasa zilikuwa za risasi na asidi, kama zile za magari. Betri za mashamba ya jua siku hizi nyingi ni za lithiamu, na hazina risasi ile. Lakini nazo zina hatari yake. Betri ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi huweza kuwaka kutoka ndani, moto ukahama kutoka betri moja hadi nyingine, na maji hayauzimi kwa urahisi. Mara nyingi Zimamoto huwa na kazi ya kupoza zilizo jirani tu na kuacha iliyowaka iishe yenyewe, na moshi wake una sumu. Tarehe 16 Januari 2025 moto wa namna hiyo ulizuka katika ghala kubwa la betri huko Moss Landing, jimbo la California, Marekani, na zaidi ya watu 1,000 waliambiwa wahame makwao kwa muda. Huko ni nchi yenye magari ya zimamoto kila pembe.

Sitoi mifano hii ili tuogope betri. Kila nyumba yenye moto wa kupikia ina hatari, na bado twapika. Lakini hakuna anayeweka moto karibu na nyasi za paa. Tathmini ndiyo inayotuambia paa liko wapi.

MASWALI YA KUULIZA

Ikiwa watakuja Karagwe au Kyerwa, haya ndiyo maswali ambayo kila tawi la chama na kila Kamati ya Mazingira ya kijiji iwe nayo mkononi.

La kwanza ni la ardhi wanayoiita tupu. Megawati moja ya paneli huchukua kiasi cha hekta moja mpaka mbili. Megawati 50 ni hekta 50 mpaka 100, yaani kufika ekari 250 hivi. Hakuna atakayekuja kuziweka juu ya migomba na mibuni yetu, maana fidia yake ni ghali. Watatafuta nyasi. Na katika ramani, nyasi huandikwa "ardhi isiyotumika." Nani alisema haitumiki? Pale ndipo ng'ombe wanapolishwa, ndipo samadi inakotoka ya kuinua migomba, ndipo nyasi za kufunikia shamba zinapokatwa, ndipo akina mama wanapookota kuni. Mgomba wa Karagwe haujilishi wenyewe. Unalishwa na malisho. Ukifunga malisho kwa uzio, baada ya miaka mitano utaona njano katika majani ya mgomba ulio kilomita tatu kutoka hapo, na hakuna atakayekumbuka sababu. Aidha, malisho yetu yamekwisha kubanwa upande mwingine. Tangu mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa. Mfugaji atakayefukuzwa upande huu hana upande wa pili wa kwenda. Swali: ng'ombe wale watakwenda wapi?

La pili ni maji. Barabara zetu ni za vumbi jekundu. Paneli zikifunikwa na vumbi hupunguza umeme, kwa hiyo sharti zioshwe, na kiangazi ndicho kipindi cha vumbi. Kiangazi hicho hicho mama huamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani. Maji ya kuoshea yatatoka kisima gani? Na mvua ya masika ikija, maji yatakayotelemka kutoka juu ya paneli kwenye mteremko yatakwenda wapi? Sisi ni watu wa vilima. Twajua korongo linavyoanza: huanza na mfereji mdogo ambao mtu aliudharau.

La tatu ni moto. Makontena ya betri yatakaa umbali gani kutoka shule na nyumba? Upepo wa mahali hapo huvuma kuelekea wapi? Gari la Zimamoto litatoka mji gani, litafika baada ya dakika ngapi? Ni nani atakayewafundisha vijana wa kijiji nini cha kufanya na nini kisifanywe? Wakati wa kiangazi nyasi za vilima vyetu huungua kila mwaka, kwa mkono wa mtu au kwa bahati mbaya. Moto wa nyasi ukifika kwenye uzio itakuwaje?

La nne ni mwisho wa mambo. Paneli hudumu miaka 25 au 30. Betri hudumu miaka 10 mpaka 15. Maana yake ni kwamba kabla mradi haujafa betri zitakuwa zimekufa mara moja au mbili. Nani atazichukua? Kwenda wapi? Kwa fedha ya nani, na fedha hiyo imewekwa wapi tangu leo? Twajua yanayotokea kwa betri ndogo za taa za jua zilizomo vijijini mwetu. Zikifa hutupwa nyuma ya nyumba, au hununuliwa na wenye vyuma chakavu, na watoto huzichezea. Tukishindwa kuyatunza mabetri madogo, tusikubali makubwa kwa ahadi ya mdomo.

La tano ni fidia. Sheria inahesabu bei ya soko, vilivyooteshwa na kujengwa, usumbufu, usafiri, makazi ya muda na faida iliyopotea. Inasema pia ilipwe upesi, na ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita idaiwe riba. Lakini atalipwa nani? Jina katika daftari ni la baba. Aliyekuwa akilima maharage pembeni ya malisho yale na kukata nyasi ni mama. Fidia ikifika mkononi mwa mmoja ikaishia njiani, nyumba nzima imekula ardhi yake kwa siku moja.

KARATASI YA MAHUDHURIO

Nitasimulia nililoliona mwenyewe. Siku moja nilihudhuria mkutano katika kijiji kimoja cha wilaya hizi. Ulikuwa mkutano wa mradi mwingine, siyo wa jua. Wageni walikuja na gari, wakazungumza kwa nusu saa, nusu ya maneno yao kwa Kiingereza. Ikazungushwa karatasi ya mahudhurio, kila mtu akaandika jina na kuweka saini au dole gumba. Soda zikatolewa. Tukapiga makofi.

Baada ya miezi kadhaa niliuona muhtasari wa mkutano ule. Ulisema wananchi "waliridhia kwa kauli moja." Majina yetu yalikuwa yamebandikwa chini yake. Mzee mmoja, ambaye sikuthubutu kumtazama usoni, aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu, ile karatasi tuliyoandika majina ilikuwa ya kufika au ya kukubali?" Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyesoma, na mimi nilitia saini kama yeye, wala sikusoma kilichoandikwa juu ya karatasi.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nitafute sheria na kuzisoma. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba darasa likinyamaza si ajabu halikuelewa, na mwalimu mzuri hahesabu ukimya kuwa jibu. Kijiji nacho ni hivyo. Makofi si kura, na soda si ridhaa.

NGUVU TULIYO NAYO

Wengi wetu hatujui nguvu iliyo mikononi mwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na eneo hilo ni chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hekta 250, Waziri ndiye anayeamua, lakini baada ya kuyatazama maoni ya kijiji. Na sheria hiyo hiyo yasema uhamisho usifanyike mpaka aina ya fidia, kiasi chake, njia yake na wakati wa kuilipa vimekubaliwa.

Sasa rudini kwenye hesabu yetu ya juu. Shamba la megawati 50 ni hekta 50 mpaka 100. Hilo liko chini ya hekta 250. Maana yake uamuzi si wa afisa, si wa diwani, si wa mwenyekiti peke yake, na wala si wa katibu wa chama kama mimi. Ni wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambamo kila mtu mzima mwenye miaka 18 na zaidi ana neno, mwanamke kwa mwanaume, mfugaji kwa mkulima.

Lakini mkutano huo utaamuaje kama haujasoma ripoti? Mtu hawezi kukubali asichokijua. Hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Tathmini ikikamilika baada ya kijiji kukwisha kutoa ardhi, imekuwa mapambo. Tathmini ikisomwa kabla, imekuwa silaha ya mnyonge. Ni karatasi ile ile, lakini tarehe ndiyo inayoamua iko upande wa nani.

KWETU SISI WENYEWE

Sasa ninageukia chama. Ni rahisi kumlaumu mgeni mwenye gari. Lakini mgeni haingii nyumbani pasipo mtu wa kumfungulia mlango. Wako miongoni mwetu viongozi wa matawi ambao hupenda kuwa wa kwanza kupeana mkono na mwekezaji. Wako wenyeviti wanaogonga mhuri kabla mkutano haujaitwa, kisha mkutano huitwa ili mhuri upate sababu. Huo ni ukabaila uliovaa shati la kijani kibichi la ujana, na haufai. Kiongozi ni mtumishi. Akijifanya mlango, wananchi watamng'oa kama mlango.

Wako pia wale wa upande wa pili, wanaopiga kelele ya "hatutaki" kabla ya kusikia. Nao wanatudhuru. Kukataa bila kusoma na kukubali bila kusoma ni ndugu wa tumbo moja. Kijiji kilichosoma ripoti kinaweza kusema: tunakubali, lakini betri zisogezwe kutoka shuleni, uzio uache njia ya ng'ombe kufika majini, kondoo waruhusiwe kulisha chini ya paneli, nguzo za umeme zianze na vijiji vinavyozunguka mradi kabla hazijakwenda mjini. Hayo ndiyo mazungumzo ya watu huru. Kwa kweli hakuna aibu kubwa kama kulala gizani chini ya nyaya zinazopeleka umeme wa jua lako kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba matawi yote ya Karagwe na Kyerwa yasimame juu ya mambo manne.

Kwanza, ripoti yo yote ya tathmini isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na panapohitajika ifafanuliwe kwa Kinyambo, mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa. Nakala yake ibaki katika ofisi ya kijiji, siyo katika mkoba wa mgeni.

Pili, karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake kwa herufi kubwa: MAHUDHURIO TU. Uamuzi uwe na karatasi yake mbali, na kura ihesabiwe.

Tatu, mpango wa moto na mpango wa kuondoa betri zilizokufa uandikwe ndani ya ripoti pamoja na fedha yake, wala usiahidiwe kwa mdomo.

Nne, kila tawi lichague vijana wawili wanaojua kusoma vizuri, mvulana na msichana, wakae na Kamati ya Mazingira ya kijiji wajifunze sheria hizi. Nami niko tayari kufika kwenye tawi lo lote litakaloniita, kwa baiskeli au kwa miguu, kusoma pamoja nao kifungu kwa kifungu.

Yule mzee aliyeniuliza bado yu hai. Siku mradi wa jua utakapokuja katika vilima hivi, nataka nikae karibu naye kwenye mkutano. Ripoti isomwe, aulize swali lake mbele ya watu wote, ajibiwe. Kisha ainue mkono wake au asiinue, kwa hiari yake, akijua anachokifanya. Siku hiyo nitaweza kumtazama usoni.

Jua litachomoza kesho kama kawaida. Halina haraka. Nasi tusiharakishwe.

Uhuru na Kazi.